Mguu wa Mbele Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa dawati la michezo ya video ameacha kazi, amekwenda kufuga kuku. Namtakia mayai mengi. Kiti chake kiko wazi! Kinazunguka, kina vigurudumu chini, kina mahali pa kuegemeza shingo, na kiko dirishani. Tangu niajiriwe kwenye gazeti hili la mtandaoni nimekalia stuli.

Wahakiki tumebaki wawili, mimi na Miwani. Miwani ni yule anayepuliza chai mpaka ipoe, halafu analalamika kwamba imepoa. Mhariri ametuita, akasema mbivu na mbichi zitajulikana kwa mchezo mmoja. Kila mtu ahakiki Punda Mmoja 2. Hakiki zote mbili zitatoka Jumatatu ijayo, siku ambayo wenye mchezo wamewaruhusu wahakiki wa dunia nzima kufungua midomo. Atakayeandika vizuri zaidi, kiti ni chake.

Kwa faida ya watakaoisoma shajara hii nitakapokuwa maarufu: Punda Mmoja ni mchezo wa watu wanne kwenye kochi moja. Punda ana miguu minne, kila mtu ana mguu wake. Basi. Toleo la kwanza lilipendwa na kila mtu. Mimi nililipa alama nne kwa kumi, maana nililicheza na watu wa ofisini na hakuna aliyekubali kunifuata.

Nyumbani shwari. Naishi kwa dada yangu, fundi wa nguo, na mumewe, fundi wa mafriji. Hawasemezani. Wiki ya tatu sasa, kisa mapazia ya sebuleni. Mimi ndiye tarishi wao. Leo shemeji kasema nimwambie dada kwamba mchuzi ni mtamu. Nikaenda jikoni, nikamwambia dada kwamba shemeji anauliza kama chumvi imekwisha dukani. Sufuria ikafunikwa kwa kishindo.

Kuna watakaoniita mchonganishi. Wawe na subira. Kabla ya kununiana, hao wawili walikuwa wameanza kuzungumzia chumba changu. Cherehani ya dada iko kwenye korido, kati ya jiko na bafu, na mtu akienda kuoga hupita ubavuubavu. Dada anataka kuihamishia chumbani kwangu. Mimi nihamie wapi, hapo hawakufika. Kumtoa mtu nyumbani kunahitaji wawili wakubaliane, na wawili wasiosemezana hawakubaliani. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Kunguru ana kitanda na kabati la milango miwili.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na mbinu. Uhakiki wa toleo la pili la mchezo wowote ninao tayari. Niliuandika mara moja, nimeutumia mara nyingi. Unasema toleo la pili lina rangi zaidi lakini roho ya lile la kwanza imepotea. Kazi ni kubadilisha jina tu. Nimeupeleka kwa Mhariri kabla Miwani hajamaliza kupuliza chai yake ya asubuhi.

Mhariri kasoma, kaniuliza nilicheza mguu gani. Nikajibu kwamba mtu wa uzoefu wangu hucheza kichwa. Akasema hakuna anayecheza kichwa. Kisha akanionyesha aya ya mwisho. Nilikuwa nimesahau kuibadilisha, na punda alikuwa bado anaendesha gari la mashindano.

Nimepewa mashine ya gemu na pedi zake nne nikacheze nyumbani. Ofisi ina mashine moja tu, kwa hiyo Miwani ataifuata kwangu Jumamosi, iwe zamu yake. Miwani akanitakia kila la heri huku akitabasamu. Unafiki wa namna hii sijapata kuuona.

Jumatano, 5 Machi

Mchezo unakataa kuanza mpaka pedi zote nne ziwe na mtu. Nina mikono miwili na miguu miwili. Nikakaa chini sebuleni, pedi moja kila mkono, nyingine mbili chini ya vidole vya miguu. Punda akasimama. Punda akainua mguu wa nyuma. Punda akalala. Kidole gumba cha mguu kikakakamaa, nikapiga yowe, na dada akaja mbio, makasi mkononi na tepu shingoni, akanikuta chali kama mende.

Nikamweleza kwamba ni kazi. Akasema yake pia ni kazi, na leo kutwa nzima amekuwa akiinuka kuwapisha wanaokwenda bafuni, hajamaliza hata sketi moja. Niliona mazungumzo yanaelekea chumbani kwangu. Nikajifanya kidole kinauma zaidi.

Jioni kaja shangazi, dada wa baba yetu, amekuja kung'oa jino. Shangazi ananipenda kwa namna isiyoonekana. Aliponiona tu aliuliza kama bado nipo. Atalala kwenye kochi. Nilifikiria kumwachia chumba changu, nikakumbuka kwamba sitaki.

Halafu nikahesabu vichwa. Dada, shemeji, shangazi, mimi. Mungu hamtupi mja wake!

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya kuliko zote tangu nipoteze funguo za ofisi.

Kuwapata haikuwa kazi. Nilimwambia shemeji kwamba dada kasema yeye hawezi gemu. Nilimwambia dada kwamba shemeji kasema hivyo hivyo. Wakakaa kochini, huyu mwisho huu na yule mwisho ule, kila mmoja na hamu ya kumwonyesha mwenzake. Shangazi alikuja kwa sababu jino lilikuwa linampwita na alitaka kitu cha kumsahaulisha.

Ndipo nikagundua kilichoongezwa kwenye toleo la pili. Zamani kila mtu alijijua na mguu wake. Sasa punda amebebeshwa kikapu cha mayai, na pedi yako ikitetemeka si wewe unayetakiwa kupiga hatua. Ni mwenzako wa pembe ya mkabala. Lazima umwambie kwa mdomo. Usipomwambia hajui, na asipojua, mayai chini.

Miguu ilipangwa na mashine yenyewe. Mimi mbele kulia, mwenzangu shangazi nyuma kushoto. Dada mbele kushoto. Mwenzake nyuma kulia, nani? Shemeji!

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, yaani vibaya. Pedi ya dada ikatetemeka. Dada akaniambia nimwambie shemeji yangu ainue mguu. Nikamgeukia shemeji, nikamwambia kwamba dada anaomba ainue mguu akipata nafasi. Mayai chini. Pedi ya shemeji ikatetemeka. Akaniambia nimwambie dada yangu asogee mbele. Nikamwambia dada kwamba shemeji anamtaka arudi nyuma. Mayai chini. Nilianza kuupenda mchezo.

Kisha punda akafika kwenye daraja la mbao. Kikapu kikayumba. Yai la mwisho likabingirika mpaka ukingoni, na dada akajisahau. Akasema, "Inua, bwana, inua!" Moja kwa moja, kwa mdomo wake. Shemeji akainua. Yai likarudi kikapuni.

Shemeji akaiangalia pedi yake, akakohoa, akamwambia dada, taratibu kabisa, asogee kushoto kidogo. Dada akasogea kushoto kidogo.

Wakubwa walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wenyewe nimeuleta mimi, kwenye mfuko wa ofisi.

Ijumaa, 7 Machi

Wameamkiana. Umelalaje, nimelala salama, na wewe je. Maneno ya bure kabisa, ambayo kama yangepitia kwangu yangefika na maana yake. Shemeji kasema leo atawahi kurudi. Mafriji ya watu yatajijua.

Mbinu: bila pedi nne hakuna mchezo. Nikachukua moja, nikaichimbia kwenye kopo la vifungo la dada, chini kabisa, kopo nikalirudisha juu ya rafu ya korido. Nani ashone vifungo Ijumaa jioni?

Sijavua hata viatu, wenzangu wote watatu wako kochini. Pedi hazitimii. Nilisikitika kuliko wote. Nikasema labda ni ishara, tupumzike. Shemeji, ambaye kazi yake ni kutafuta hitilafu, aliwasha mashine, akabonyeza sehemu ya kutafuta pedi iliyopotea. Kutoka koridoni kopo la vifungo likaanza kunguruma. Likatembea lenyewe juu ya rafu, likafika mwisho, likaanguka. Vifungo vikatapakaa mpaka bafuni.

Shangazi akaniuliza kama pedi ilikwenda kutafuta shati. Nimeokota vifungo kwa magoti, nikavipanga kwa rangi na matundu kwa amri ya dada, wenyewe wakiningoja.

Hatimaye tukacheza, tukakwama kwenye ngazi za soko. Punda anapaswa kupanda ngazi na mayai mgongoni. Hatukuvuka hata mbili. Kosa si langu. Pedi yangu ikitetemeka, kwanza natafakari kama kumwambia shangazi kutanifaa. Mtu makini hutafakari. Shangazi anasema punda wetu mzima wa afya, ila mguu mmoja una siasa.

Dada na shemeji walicheka kwa pamoja. Nilikuwa nimesahau kwamba wana kicheko kinachofanana.

Jumamosi, 8 Machi

Jino limeng'olewa asubuhi. Shangazi ana pamba shavuni na amekatazwa kusema. Nikafurahi, nikijua hataweza kuniita pedi yake ikitetemeka. Amegundua kufinya. Mkono wangu wa kushoto una madoa.

Miwani kafika kuchukua mashine wakati tumekwama tena kwenye ngazi. Nikamwambia asubiri, lakini dada akasema chai haina mkate, niende dukani mara moja. Sikushuku kitu. Nilikwenda, nikapanga foleni, nikarudi.

Miwani kakalia mahali pangu! Pedi yake inatetemeka, anasema. Anafinywa, anainua. Dada anasema, shemeji anainua, shemeji anasema, dada anainua. Punda akapanda zile ngazi kama mwenye soko lake. Mayai yote! Miwani alicheka mpaka miwani yake ikaangukia kikombeni, kwenye chai ambayo alikuwa amesahau kuipuliza.

Mimi niko mlangoni na mkate. Na hapo ndipo lilipotokea. Dada, kwa ile furaha, akamwambia shemeji kwamba kumbe wanaelewana vizuri hivi, sasa ilikuwaje akasema mapazia yake yanafanana na ya wodini. Shemeji akauliza ni nani aliyesema hivyo. Yeye siku ile alikuwa anakimbilia friji la mteja lililozimika, akaagiza dada aambiwe kwamba mapazia yanapendeza na yameipa sebule nuru. Dada akauliza alimwagiza nani.

Wakageuka wote wawili. Shangazi akageuka na pamba yake. Miwani akaokota miwani yake, akaifuta chai, akaivaa, akageuka. Hata punda kwenye skrini alikuwa ananitazama.

Wakaanza kufumua moja moja. Chumvi ya dukani. Kumbe mchuzi ulikuwa mtamu? Kumbe hukusema nimenenepa? Kumbe hukuniita mbishi? Nilijitetea kwamba sikusema uongo, nilitafsiri, na kila mfasiri ana mtindo wake. Shangazi akaitoa pamba mdomoni kwa ajili ya neno moja tu. Akasema, "Njia ya mwongo fupi." Akairudisha.

Nilitegemea dada achukue rula yake ndefu. Hakuichukua. Alifuta macho kwa ncha ya tepu yake ya kupimia, akaenda dirishani akasimama karibu na mapazia, shemeji akamfuata, wakasimama pale wanayaangalia. Nilijisikia vibaya sana. Nayaandika haya isije ikasemwa kwamba sikujisikia.

Kisha nikala mkate. Mtu alikuwa lazima aule.

Miwani hakuichukua mashine. Shangazi amemshika mkono na kumwonyesha kochi. Miwani ameomba aje ahakiki hapa hapa.

Jumapili, 9 Machi

Wamenikalisha katikati ya kochi, mmoja huku, mwingine kule. Walisema kwa kupokezana, mmoja akianza, mwenzake anamalizia. Walikuwa wamefanya mazoezi. Hawana kinyongo na mimi. Mimi ni damu yao. Lakini Jumamosi ijayo cherehani inaingia chumbani, na mimi natoka.

Nikamwuliza dada kama haoni uchungu. Akasema tangu aanze ufundi hajawahi kushona karibu na dirisha, hutunga uzi kwenye tundu la sindano kwa taa ya korido, na macho yake si ya chuma. Nikamwambia mimi nami maisha yangu yote kazini sijawahi kukaa karibu na dirisha. Akasema basi namwelewa.

Nikajifungia, nikaandika uhakiki. Kichwa: Shukrani ya Punda ni Mateke. Alama mbili kwa kumi, moja ya majani, moja ya masikio. Nanukuu, kwa kuwa ni mzuri:

"Nyumba yetu ilikuwa na utulivu kabla ya Punda Mmoja 2. Sasa watu wanaongea asubuhi hadi jioni. Watu wazima wenye kazi zao wanacheka ovyo, majirani wanasikia. Mhakiki huyu hapati hata upenyo wa kupitisha neno lake. Nawaonya wasomaji: mchezo huu ukiingia nyumbani kwako, kimya hutakiona tena."

Mbinu iko wazi. Dunia itatoa alama tisa. Atakayetoa mbili ndiye atakayeonekana. Kiti hicho!

Wakati naandika, sebuleni wanacheza na Miwani. Nimeweka mto masikioni.

Jumatatu, 10 Machi

Hakiki za dunia zimetoka na ni kama nilivyotabiri. Tisa, tisa, tisa na nusu. Mmoja amefurahi kwamba masikio ya punda sasa yanacheza. Mwingine katoa saba, anasema vijiji ni vichache na mvua ya mchezoni inachosha. Kuna aliyeandika kwamba hili ni toleo la kwanza lililovishwa kofia, lakini kofia yenyewe imempendeza. Karibu wote wanausifu ule utetemeshaji wa pedi, kwamba ndio kitu kipya cha maana, kwamba hauchezeki na mtu unayemnunia. Hakuna aliyeuliza wenye maslahi na kununiana wana maoni gani.

Miwani katoa tisa. Ameandika kwamba aliingia nyumba ya watu kuchukua mashine, akatoka mbavu zinamuuma kwa kicheko, na kwamba hajawahi kuona yai la kwenye skrini likiwapatanisha watu wa kweli. Hakuna hata neno moja gumu. Mtoto wa shule angeuelewa.

Wangu ndio unaosomwa zaidi! Maoni yanamiminika. Wengi wanauliza kama mwandishi anaumwa. Moja limesainiwa Mbele Kushoto na Nyuma Kulia. Linasema: "Sisi ndio wenye hiyo nyumba. Yote aliyoandika ni kweli. Sisi tunautunuku kumi." Chini yake shangazi ameweka picha ya jino lake, bila maelezo.

Alhamisi, 13 Machi

Tangazo jipya la mchezo limetoka, limejaa sifa za wahakiki wa dunia. Na juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko za wengine, nani?

"Watu wanaongea asubuhi hadi jioni… wanacheka… majirani wanasikia… mchezo huu ukiingia nyumbani kwako, kimya hutakiona tena."

Mimi! Zile alama mbili hawakuzitaja. Nami sikuona sababu ya kuwasumbua.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mhariri na simu mkononi, nikamwonyesha, nikasema huyo ndiye mhakiki anayenukuliwa duniani, kiti kipelekwe wapi. Mhariri akacheka mpaka akashika meza. Kisha akasema kiti amempa Miwani, tangu jana. Nikauliza kwa nini. Akasema mhakiki ni mtu wa kutoa habari kwenye mchezo na kuifikisha kwa msomaji bila kuiharibu njiani. Sijui ni nani amempelekea habari za nyumbani kwetu.

Miwani aliniacha nikikalie kiti, nikazunguka nacho kulia na kushoto. Kinalia kidogo. Halafu akaniambia, huku amekwepesha macho, kwamba kwake kuna chumba kitupu. Yeye, mke wake na mama mkwe wake wamenunua Punda Mmoja 2 na wamepungukiwa mguu. Nikasema nitalifikiria. Nikalifikiria kabla hajaanza kuipuliza chai yake.

Jumamosi, 15 Machi

Nimehama.

Tatizo lilikuwa kabati la milango miwili. Ngazi zetu ni nyembamba na zina kona. Nikashika pembe ya mbele kulia. Shangazi, ambaye sasa anasema sana kufidia siku za pamba, akaniambia mguu huo una mwenyewe. Miwani akaishika. Dada mbele kushoto, shemeji nyuma kulia, shangazi nyuma kushoto. Mimi nikapewa mto.

Wakashuka nalo wakielekezana. Inua. Subiri. Kushoto kidogo, bwana. Sasa wewe. Kwenye kona kabati likainama, nikafumba macho, dada akasema neno moja tu na shemeji akalipokea kwa bega. Halikupata mkwaruzo. Walipolifikisha kwenye gari walishangilia, na watu waliokuwa wanapita wakashangilia pia bila kujua kisa. Ilibidi nicheke. Mto ulinisaidia kuficha.

Dada akaninyoosha kola ya shati, akanipa kifurushi. Mapazia ya chumba changu kipya, kayashona mwenyewe kwa kitambaa kilichobaki cha yale ya sebuleni. Akasema nikiulizwa niseme yanapendeza, na nisiongeze kitu. Akasema pia niende kila Ijumaa jioni, wakicheza naruhusiwa kutazama.

Kabla gari halijaondoka nilisikia cherehani kule juu, dirishani kwangu. Ilikuwa inakwenda mfululizo, bila kusimama kumpisha mtu. Niliusikiliza mlio wake mpaka dereva akapiga honi.

Jumapili, 16 Machi

Chumba ni kizuri kuliko cha zamani. Mapazia nimeyatundika. Yanapendeza.

Ila nyumba hii ina kasoro kubwa. Miwani na mke wake wanazungumza mno. Wanashauriana juu ya maziwa, juu ya mvua, juu ya soksi. Na asubuhi hii, nikiwa nimesogeza sikio ukutani kwa bahati mbaya, nimewasikia wakiulizana kama mkuu wa dawati hahitaji chumba cha kusomea. Chumba kipi? Nyumba ina vyumba vingapi?

Nimekaa kitandani, nikatafakari. Begi langu sijalimaliza kulipangua.

Mara mke wa Miwani akaniita kutoka jikoni. Akaniomba, nikipita, nimwambie mumewe pale barazani kwamba chai yake iko tayari, amemwekea kwenye kikombe kikubwa ili aipulize anavyopenda.

Nikaenda barazani. Nikamwambia Miwani kwamba mke wake anauliza ile chai huwa anaipuliza au anaizima moto.

Miwani akatazama jikoni, asiinuke. Nikarudi chumbani, nikatoa nguo zote zilizobaki begini, nikazipanga kabatini.